Ukialikwa kusafiri kwa mashua Ujerumani: pima mguu wako mbele ya kuchagua mji



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ngumu, vumbi la mgodi, maji safi na homa ya watoto. Leo tutasema juu ya safari ya mashua kule Ujerumani. Pengine wengine watauliza: sisi na mashua za Ujerumani, wapi na wapi? Ngojeni kidogo. Watoto wetu wengi sasa wanakaa na kufanya kazi Ulaya. Mtoto akipata uwezo, anapenda kuwaalika wazazi wake. Na mzazi aliyefanya kazi miaka thelathini anasafiri na mwili ule ule uliofanya kazi: goti lililopigwa na jiwe, mgongo uliochoka, mapafu yaliyoingia vumbi. Kwa hiyo jambo hili ni la afya, na ni la usalama pia.

Mzee mmoja mwenye pensheni alikuja kwangu kwenye dispanseri. Amenipa ruhusa ya kusimulia habari yake bila kutaja jina. Goti lake lilivunjika zamani chini ya mgodi, na tangu siku ile halikunji vizuri. Binti yake anakaa Köln, mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Rhine. Binti alitaka kumpeleka baba na mama katika mashua ya abiria, siku tano juu ya mto. Alituma orodha ya miji ambamo mashua inasimama, akaandika: “Baba, chagua mahali mnapotaka kushuka, nilipe mbele ya wakati.”

Mzee aliniomba karatasi ya kusema mguu umepona. Sikuandika. Nilimwambia: “Mzee, twende tutembee.” Tulitoka dispanseri kuelekea kanisa la kambi. Baada ya dakika saba alikaa juu ya ukuta mfupi, akapangusa jasho. Kisha akasema: “Usimwambie mtoto. Akijua, ataacha safari, na mama yake ataona kwamba mimi ni mzigo.”

Ndugu msomaji, hapo ndipo hatari ilipo. Mguu mbaya si aibu. Mguu unaofichwa ndio unaomwangusha mtu. Mtoto asiyejua hali ya baba yake atamchagulia ngome iliyo juu ya mlima, tena kwa upendo. Basi mimi na mzee tulikaa mezani, tukaandika karatasi nyingine. Yaliyomo ndiyo haya.

JIPIME NYUMBANI

Mbele ya kuingia sehemu mpya ya mgodi, mfanya kazi anaangalia mwamba wa juu, anajua na njia ya kutokea. Fanya vilevile na mwili wako. Chukua siku tatu, na mtu wa nyumbani akusaidie na saa.

Kwanza, tembea mwendo wako wa kila siku, si mwendo wa kujionyesha. Hesabu dakika mpaka maumivu au pumzi inakulazimisha kusimama. Pili, panda ngazi, hesabu ni ngapi unaweza bila kupumzika, na ni ngapi bila kushika ukuta. Tatu, simama bila kuegemea kitu. Unaweza dakika ngapi? Jambo hili wengi wanalisahau, lakini katika matembezi ya wageni mwongozaji anasimama mara nyingi kueleza, na kusimama kunachosha goti kuliko kwenda. Nne, tembea juu ya mawe au udongo usio sawa. Mtu anayekwenda vizuri juu ya sementi anaweza kushindwa juu ya mawe.

Andika hesabu za siku mbaya, si za siku nzuri. Kisha gawa nguvu zako mafungu matatu: fungu moja la kwenda, fungu moja la kurudi, fungu moja la akiba. Ukiweza dakika 15, nenda dakika 5 tu mbali na mashua, hata kama unajisikia vizuri. Akiba ni ya mvua, ya kupotea njia, au ya ngazi ambayo hakuna aliyekuambia.

MASHUA YENYEWE

Mashua za abiria za mto Rhine ni ndefu na nyembamba, na wageni wanalala humo humo. Nyingi zina asanseri, chumba kile cha kupandisha na kushusha watu. Lakini mara nyingi asanseri haifiki kila mahali: pengine haifiki sakafu ya chini kabisa, pengine haifiki juu wanapokaa watu kwenye jua. Sherti kuuliza: asanseri inatoka wapi, inafika wapi? Omba chumba cha kulala kilicho kwenye sakafu ambayo inafika.

Kushuka ukingoni kunapita juu ya daraja dogo la chuma. Daraja hilo halina mlalo mmoja siku zote. Maji yakipungua au yakijaa, linainama zaidi. Mwezi wa 10, mwaka 2018, kipimo cha maji cha Kaub, katika mto Rhine, kilishuka mpaka sentimeta 25 tu. Hiyo si kina cha mto wote, ni alama ya kipimo, lakini inaonyesha jinsi maji yanavyobadilika. Daraja lililokuwa rahisi kwa mgeni wa mwezi wa 5 linaweza kuwa kama paa la nyumba kwa mgeni wa mwezi wa 10.

Jambo la pili ni hili: pakiwa na mashua nyingi, zinafungwa moja kando ya nyingine. Yako ikiwa ya pili au ya tatu, utapita ndani ya mashua ya jirani ili kufika ukingoni. Pengine njia ni sawa. Pengine sherti upande ngazi mpaka juu ya mashua, uvuke, na ushuke ngazi upande wa pili. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu, siku hiyo inaweza kuwa siku ya kubaki ndani. Ni vizuri kulijua mapema, usije ukaona umedanganywa.

MASWALI MATANO KWA KILA MJI

Usichague mji kwa sababu jina lake ni kubwa. Chagua kwa njia inayotoka kwenye mashua. Uliza hivi:

1. Mashua inafunga wapi, karibu na mji au mbali? Kama ni mbali, kuna basi? Ngazi za basi la matembezi ni ndefu na zimesimama. Goti lisilokunja linapata shida pale.
2. Chini kuna nini: lami, sementi, au mawe ya kutandikwa ya zamani? Mawe hayo yanakamata magurudumu madogo ya kiti, na yakilowa yanateleza.
3. Kuna mlima? Kama upo, kuna gari au chombo cha kupandisha watu?
4. Kuna mahali pa kukaa, na choo kisicho na ngazi? Katika nyumba za kulia chakula za zamani, choo mara nyingi kiko chini ya ngazi.
5. Nikichoka nusu ya njia, nitarudi namna gani?

Swali la tano ni kubwa kuliko yote. Mji usio na jibu la swali hilo, usishuke peke yako.

MIJI YA MTO RHINE

Sasa tuangalie orodha ya mzee.

Köln. Huko kuna kanisa kubwa ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1248 na kumalizika mwaka 1880. Minara yake inafika mita 157, kwa hiyo utaiona ukiwa bado ndani ya mashua. Kupanda mnara wa kusini ni ngazi 533, na asanseri hakuna. Hiyo tuliifuta kwa kalamu. Lakini kuingia kanisani na kukaa ni jambo lingine. Ndani kuna viti, na kuna dirisha lililowekwa mwaka 2007, kazi ya Gerhard Richter, lenye vipande vya kioo 11,263 vya rangi nyingi. Mtu anaweza kulitazama saa nzima akiwa amekaa. Kuwa mwangalifu: kanisa liko juu kuliko ukingo wa mto, na njia fupi ina ngazi. Uliza njia isiyo na ngazi, hata kama ni ndefu, au chukua teksi. Stesheni kubwa ya treni iko kando ya kanisa, kwa hiyo swali la tano lina jibu.

Koblenz. Hapa mto Moselle unaingia katika mto Rhine. Pembe ambapo maji yanakutana inaitwa Deutsches Eck, na juu yake kuna sanamu ya mfalme Wilhelm wa kwanza juu ya farasi. Sanamu ya kwanza iliharibiwa katika vita mwaka 1945, na nyingine ikawekwa mwaka 1993. Njia ya kando ya mto ni pana na ya sawa. Ng'ambo ya mto kuna ngome ya Ehrenbreitstein, mita 118 juu ya maji. Zamani mtu wa mguu mbaya angeitazama kutoka chini tu. Lakini mwaka 2010 walijenga vyumba vinavyovuka mto vikining'inia kwenye kamba za chuma, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya bustani ya mwaka 2011. Vyumba hivyo ni vikubwa, hata kiti cha magurudumu kinaingia. Ni kama chombo kinachowashusha wafanya kazi mgodini, ila hiki kinakupandisha mlimani na unaona mto wote. Uliza tu kama kinafanya kazi siku yenu. Koblenz tuliiandika ya kwanza.

Kati ya Koblenz na Rüdesheim. Hapa si mji, ni mto wenyewe, kilometa 65 hivi. Tangu mwaka 2002 bonde hili limo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kushoto na kulia kuna ngome za zamani juu ya milima, na mashamba ya mizabibu yaliyosimama kama ukuta. Karibu na Kaub kuna ngome ndogo katikati ya maji, ambapo zamani mashua zililipishwa kodi. Mbele kidogo ni mwamba wa Loreley, mita 132 juu ya mto. Kando ya mto kuna mbao zenye namba za kilometa: karibu na Rüdesheim utasoma 526, Loreley 554, Koblenz 591. Mtu aliyekaa anaweza kufuata safari yote kwa kuhesabu mbao hizo. Ndugu msomaji, sehemu hii ambayo wageni wengi wanaisifu kuliko zote, inapita mbele yako bila wewe kuinua mguu. Weka nguvu zako za siku hiyo kwa kukaa juu ya mashua, vaa koti, na usiwe ndani umelala kwa uchovu wa matembezi ya asubuhi.

Marksburg. Ngome hii iko juu ya mji mdogo wa Braubach. Ni ngome ya mlima ya bonde hilo ambayo haikuharibiwa katika vita hata mara moja, ndiyo maana watu wanaipenda. Lakini kwa sababu hiyo hiyo imebaki kama ilivyojengwa: njia ya mwamba usio sawa, ngazi za mawe, milango mifupi. Tuliandika: hapana. Mzee aliuliza: “Hata polepole?” Nilimjibu: hata polepole. Polepole inasaidia mahali pa mbali. Haisaidii mahali ambapo kila hatua ni mwamba wa kuteleza.

Rüdesheim. Mji uko kando ya mto, si mbali. Lakini kati ya mto na mji kuna barabara na reli, na treni zinapita mara nyingi. Mlango wa reli ukifungwa, ngoja. Usivuke haraka kwa kuogopa kuachwa na wenzako. Njia yake maarufu, Drosselgasse, ina mita 144 tu, lakini ni nyembamba, ya mawe, inapanda, na imejaa watu. Kwa mtu wa fimbo, msukumano wa watu ni hatari kuliko mlima. Ukitaka kuiona, nenda asubuhi, simama kwenye mwanzo wake, tazama, kisha kaa mahali pa sawa karibu na mto.

Speyer. Mji mdogo, lakini kwa mguu mbaya ni mzuri kuliko mingi yenye jina kubwa. Kanisa lake kubwa lilibarikiwa mwaka 1061, na tangu mwaka 1981 limo katika orodha ya UNESCO. Kutoka mtoni unapita ndani ya bustani yenye miti. Mbele ya kanisa kuna njia pana inayoitwa Maximilianstraße, haina mlima mkubwa, na ina mahali pengi pa kukaa na kunywa kitu. Usishuke ngazi za kwenda makaburi ya wafalme chini ya kanisa kama huna uhakika wa kupanda tena. Speyer tuliiandika ya pili.

Heidelberg. Watu wengi wanafikiri mji huu uko kando ya Rhine. Sivyo, uko kwenye mto Neckar, na mashua nyingi za Rhine zinapeleka wageni kwa basi kutoka Speyer au Mannheim. Kwa hiyo hesabu ngazi za basi mara nne au zaidi. Ngome yake iko juu ya mji, lakini kuna treni ndogo ya mlima inayopandisha watu kutoka mahali panapoitwa Kornmarkt. Juu, uwanja wa ngome ni wa mawe. Chini, njia kubwa ya mji ina urefu wa kilometa moja na nusu na zaidi, na ni ya sawa. Mtu mwenye pumzi fupi na miguu mizima anaweza kwenda. Mzee wetu mwenye goti aliandika: “Mama aende na binti, mimi nabaki Speyer.”

KAMA NI MTO DANUBE

Wengine wataalikwa kwenye mto Danube. Maswali ni yale yale matano. Regensburg ina mji wa zamani ambao kwa sehemu kubwa hauna mlima, na daraja la mawe la karne ya 12 lenye urefu wa zaidi ya mita 300. Tazama mawe ya chini tu. Karibu yake kuna Walhalla, nyumba kubwa ya nguzo iliyofunguliwa mwaka 1842. Kutoka mtoni ni ngazi 358. Nyuma kuna njia ya gari, basi uliza njia hiyo, au itazame kutoka mashuani. Inaonekana vizuri sana kutoka majini, ndiyo sababu waliijenga pale juu.

Passau iko mahali ambapo mito mitatu inakutana, Danube, Inn na Ilz. Mashua zinafunga karibu kabisa na mji, lakini kanisa kubwa liko sehemu ya juu, na njia za kwenda huko zinapanda. Kwenye ukuta wa nyumba ya mji, karibu na mto, wameandika alama za mafuriko. Ile ya mwaka 2013 iko juu sana ya kichwa cha mtu, kwani maji yalifika mita 12.89 kwenye kipimo. Alama hizo unaweza kuziona bila kupanda mlima wowote.

NAMNA YA KUPANDA NA KUSHUKA

Haya yajifunze nyumbani, mpaka mwili uyazoee.

Fimbo inashikwa kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, si upande wa mguu mgonjwa. Watu wengi wanakosea hapa. Fimbo na mguu mgonjwa vinakwenda pamoja.

Kupanda ngazi: mguu mzima unatangulia, kisha mguu mgonjwa na fimbo vinafuata. Kushuka: fimbo na mguu mgonjwa vinatangulia, mguu mzima unafuata. Mguu mzima ndio unaoinua mwili na ndio unaouzuia usianguke.

Angalia mpira wa chini ya fimbo. Ukiwa umelika, badilisha. Fimbo isiyo na mpira mzuri juu ya chuma kilicholowa ni sawa na kiatu kilichopakwa mafuta. Mzigo uweke mgongoni, mkono mmoja ubaki wazi kwa kushika chuma cha daraja. Mfanya kazi wa mashua akitaka kukusaidia, mwambie asikuvute mkono. Akupe kiwiko chake, wewe umshike.

Mwenye mapafu ya vumbi apime pumzi kwa maneno: ukipanda na huwezi tena kusema sentensi moja nzima, simama. Kifua kikiuma, kaa chini na uite watu. Namba ya telefoni ya kuita msaada wa haraka Ujerumani ni 112. Mwenye ugonjwa wa sukari aangalie nyayo zake kila jioni, maana kidonda cha viatu vipya hakiumi mapema.

MAMBO YA KUANDIKA MBELE YA SAFARI

Wakati wa kulipa mashua, mtoto aandike wazi: baba anatembea dakika ngapi, ngazi ngapi, ana fimbo au kiti, kiti kina upana gani. Umoja wa Ulaya una sheria namba 1177 ya mwaka 2010 juu ya haki za abiria wa majini. Inampa mwenye shida ya kutembea haki ya kusaidiwa bandarini bila kulipa, akijulisha mapema, siyo chini ya saa 48 mbele ya safari. Lakini sheria haibadilishi mlalo wa daraja wala kuondoa ngazi. Kwa hiyo uliza pia: je, watu wenu wanaruhusiwa kumbeba mtu? Mashua nyingine hazikubali.

Kwa ndege vilevile, julisha saa 48 mbele ikiwa unahitaji kiti uwanjani. Dawa zako ziwe katika mfuko wa mkononi pamoja na karatasi ya munganga. Ndani ya ndege usikae bila kusogea: inua visigino, shusha, zungusha nyayo, tembea kidogo unapoweza, damu isigande miguuni. Kama umewahi kuvimba mguu kwa damu kuganda, sherti umwone munganga mbele ya kununua tiketi.

Na jambo la mwisho la kuandika linahusu mume na bibi yake: nani anashuka na nani anabaki? Msiligombanie siku yenyewe, wageni wakiwa wanasubiri. Mama ana haki ya kuona ngome, na baba ana haki ya kukaa bila kuulizwa kila dakika kama ameumia.

HABARI YA MZEE WETU

Mzee alimtumia binti yake karatasi ile, dakika saba zikiwa zimeandikwa wazi. Alingoja siku mbili bila kulala vizuri. Jibu lilikuja: “Baba, kwa nini hukusema? Nilikuwa nimekwisha chagua Marksburg.” Safari haikuachwa. Ilibadilishwa.

Walikwenda. Koblenz mashua yao ilifungwa ya pili, na njia ilikuwa ya kupanda juu. Mzee alikumbuka yaliyoandikwa, akabaki amekaa kwenye jua zaidi ya saa mbili, mpaka mashua ya kwanza ilipoondoka. Kisha alishuka, akavuka mto ndani ya chumba kile cha kamba. Rüdesheim hakutoka. Speyer alitembea katika bustani, akapumzika mara tatu, akafika kanisani. Mama alikwenda Heidelberg na binti, akarudi na habari nyingi, na mzee naye alikuwa na zake.

Aliniletea karatasi yetu dispanseri, imekunjwa, ina alama za kalamu. Pembeni ameandika namba za kilometa alizozisoma kwenye ukingo, moja baada ya nyingine, na hakuruka hata moja.

Ndugu msomaji, ukipata mwaliko wa namna hii, uje na orodha ya miji yako dispanseri. Tutatembea pamoja mpaka kanisani, tutahesabu dakika, na tutaandika ukweli. Mwenda pole hajikwai.